Mwavuli wa Njano Mbele ya Foleni

Jumamosi, 2 Machi

Mvua za msimu zimeanza leo saa mbili asubuhi, sisi tukiwa tumeshafika langoni, kwa hiyo hakuna aliyerudi nyumbani. Mjomba alisema mvua haijawahi kumuua mtu aliyevaa viatu. Nikamwambia viatu vyake vina matundu. Akasema ndiyo, maji yanaingia, lakini pia yanatoka.

Naanza daftari hili kwa sababu kichwa changu hakitulii, na kwenye blogu siwezi kumwaga kila kitu. Blogu yetu inaitwa Foleni. Mimi naandika, Mjomba anapima. Mwaka wa nane huu, kila Jumamosi tunakwenda Bustani ya Michezo kupima watu wanasubiri muda gani kupanda Gurudumu Kubwa, Vikombe na Mashua. Mjomba alikuwa mwalimu na mshika saa wa mashindano ya riadha ya shule, na saa yake ya mbio ndiyo kitu pekee alichostaafu nacho. Anasimama mkiani mwa foleni, anachagua mtu aliyevaa kitu cha kuonekana, anabonyeza. Mimi nasimama mbele kabisa, pale watu wanapopanda. Yule mtu akinipita nainua mwavuli wa njano, na Mjomba kule nyuma anabonyeza tena. Ubao wa umeme wa kampuni unasema dakika ishirini, sisi tunasema hamsini na tatu. Chini ya kila chapisho tunaweka neno moja: Tumepima.

Watu elfu kumi na moja wanatusoma. Kwenye duka la miwani ninakofanya kazi hakuna hata mmoja anayejua.

Jioni imekuja barua pepe kutoka kampuni yenyewe. Wana mtambo mpya, Tufani, treni inayopandishwa hadi usawa wa ghorofa ya kumi halafu inaachiwa. Kabla ya umma kuruhusiwa, wanaalika mashabiki wenye blogu waje kuipanda kwanza. Mwaliko ni wa mtu mmoja. Nimeisoma mara tisa.

Jumapili, 3 Machi

Nilikwenda kwa Mjomba mapema, kabla ujasiri haujaniishia.

"Shikamoo, Mjomba. Kampuni wamenialika kwenye Tufani."

"Marahaba. Wameandika majina mawili?"

"Moja. Langu."

Alimenya chungwa zima kwanza. Kisha akanipa nusu. "Nenda, mwanangu. Ila usisahau, mgeni siku mbili."

"Ya tatu mpe jembe," nikamalizia. "Watanipa jembe gani mimi, muuza miwani?"

"Utaliona likija."

Mama yangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alisema nisimsikilize, huyo hata harusini kwake alihesabu dakika alizochelewa bibi harusi. Ni kweli, zilikuwa arobaini na moja.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sikulala vizuri. Nguo gani huvaliwa kwenye mwaliko wa Jumamosi?

Jumamosi, 9 Machi

Tufani haikuendeshwa. Upepo na mvua, mafundi wakakataa. Lakini vingine vyote vilikuwepo: chai, keki, viti vyenye vitambaa, na afisa uhusiano wa kampuni, mama mmoja mwenye sauti laini ambaye hawezi kufungua mdomo bila kusema karibu. Nimembandika jina la Bi Karibu. Alinivisha koti jekundu. Mgongoni limetariziwa FOLENI kwa uzi mweupe. Nilijiangalia kwenye kioo cha chooni mpaka mtu akagonga mlango.

Halafu kadi. Ukiwa nayo unaingilia mlango wa pembeni kwenye kila mtambo, hupangi mstari. Mimi, mwenye blogu ya foleni, nimepewa kadi ya kutopanga foleni. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaitumia mara sita.

Saa nane Mjomba alituma ujumbe: "Vikombe, dakika 68." Nilijiuliza amepimaje bila mtu wa mwavuli. Sikumuuliza. Nikachapisha 68.

Jumatatu, 11 Machi

Bi Karibu alipiga simu nikiwa napima macho ya mteja. Nilimwacha yule mzee amezikodolea herufi macho nikatoka nje.

"Karibu, dada. Tumeona umeandika sitini na nane. Ubao wetu ulikuwa unasoma thelathini. Hatukuambii uandike nini, hapana. Tunaomba tu, kama ukipenda, utaje na ubao. Wewe sasa ni mtu wa nyumbani."

Mtu wa nyumbani. Maneno hayo nimezunguka nayo siku nzima. Nikaongeza ubao kwenye chapisho.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua tena, Tufani hakuna. Chai ipo. Kutoka mlango wa pembeni mkia wa foleni hauonekani, kuna ukuta wenye picha za pomboo. Niliandika namba ya ubao: Vikombe, dakika 30. Namba ya Mjomba ilifika nikiwa nimeshachapisha. 91. Nilisema nitairekebisha nikifika nyumbani. Nilipofika nilikuwa nimechoka, na nadhani sikutaka. Chini yake vidole vilikuwa vimeshaandika vyenyewe, kwa mazoea: Tumepima.

Jumapili, 17 Machi

Mjomba hakusema kitu. Ningependa aseme.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Tumeuza miwani mitano. Roho iko juu juu.

Jumamosi, 23 Machi

Yupo msomaji wetu mmoja tunamwita Mama Pacha. Ametusoma tangu mwaka wa kwanza. Ana mabinti mapacha wa miaka tisa, mmoja ana miguu dhaifu, anaweza kusimama dakika arobaini tu, zikizidi hapo anaanguka. Kila wiki Mama Pacha hutazama namba zetu ndipo aamue waende kwenye mtambo upi, au wabaki nyumbani. Aliwahi kutuandikia kwamba mwanawe anatembea kwa miguu yetu. Mjomba aliunakili ujumbe huo kwenye karatasi akaubandika ndani ya kabati lake la vyombo.

Leo Mama Pacha ameandika: "Wiki iliyopita mlisema Vikombe dakika thelathini. Tulisimama saa moja na nusu. Alikaa chini kwenye tope mbele za watu, pacha wake akalia. Silaumu. Huenda saa ya Mjomba imeharibika. Imeharibika?"

Nilimjibu kwamba siku za mvua mambo hubadilika, pole sana, mpe busu. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilijua ninavyompaka. Kisha nikanywa chai ya kampuni. Tufani haikuendeshwa.

Nimejikasirikia hadi meno yanauma, halafu nimemkasirikia Bi Karibu, halafu, sijui kwa nini, Mjomba.

Jumamosi, 30 Machi

Mara ya nne hakuna Tufani. Mwenzetu mmoja mwenye blogu ya picha, havui kofia hata mezani kwa hiyo tunamwita Kofia, aliniuliza kama nimeshaandika maoni yangu.

"Maoni ya nini? Hatujapanda."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni mabichi. "Yangu yako tayari tangu wiki ya kwanza, bibie. Kila kitu kimo kwenye karatasi waliyotupa. Kasi, urefu, sekunde. Wanataka yote yatoke kwa pamoja siku hiyo saa nne kamili. Wewe utaandika lini, ukiwa unaning'inia?"

Wote waliokuwa mezani walikuwa wameshaandika. Wote.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua, radi, chai. Mjomba: "Gurudumu 77." Sijachapisha ya Mjomba wala ya ubao. Sijachapisha chochote.

Ijumaa, 12 Aprili

Wanasema kesho kutakuwa kukavu, na Tufani itaendeshwa bila kukosa. Bi Karibu amekumbusha saa nne kamili, na simu zote zitafungiwa kabatini kabla ya kupanda, ni kanuni ya usalama. Kwa hiyo nimeandika leo. Nimeketi na ile karatasi yao mapajani nikaandika kuhusu upepo usoni ambao sijaupata, na tumbo kupanda kooni ambako halijapanda. "Safari ni laini mwanzo hadi mwisho," nimeandika, "na treni haisiti popote." Si uongo, nikajiambia, ni kweli iliyotangulizwa. Nikaiwekea saa ijitume yenyewe saa nne.

Neno la mwisho nililifuta mara mbili. Mara ya tatu nililiacha: Tumepima.

Jumamosi, 13 Aprili

Nina blanketi la kampuni mabegani. Naandika kila kitu kabla sijaanza kujipamba.

Tulitakiwa kupanda saa tatu na nusu. Walikausha viti kwanza, ikawa saa nne kasorobo. Bi Karibu alitufunga vitambulisho shingoni, akapiga makofi, akasema karibuni mbele, na mimi nikawekwa kiti cha kwanza kwa sababu ya koti. Kofia alikuwa pembeni yangu. Mnyororo ulitushika tukaanza kupanda, tumelala chali, tunatazama mawingu tu. Nilifurahi. Lazima niseme hivyo. Kwa dakika nzima nilikuwa mtoto.

Kisha mnyororo ukaguna, ukanyamaza. Tulikuwa karibu na kilele, hatua chache kabla ya kuinama. Kofia akacheka kidogo, akasema wanatupa muda wa kuona mandhari. Nikageuza shingo nikayaona kweli. Nililiona lango na saa yake kubwa, na saa ilikuwa nne kasoro dakika tano.

Hapo ndipo nilipokumbuka simu yangu, iko kwenye kabati namba kumi na saba.

Sijawahi kuitazama saa hivyo. Ule mshale mrefu niliuona ukisogea kwa macho yangu haya. Nilimwita fundi aliyekuwa chini, nikampigia kelele afungue kabati, akainua dole gumba kuniambia nisiogope. Nilijaribu kuutoa mkono chini ya chuma cha kifuani kana kwamba mkono ungefika. "Umepatwa na nini?" Kofia akauliza. Nikamwambia, "Saa nne." Naye akaanza kuomba Mungu kwa sauti, nafikiri hapo ndipo alipokumbuka maoni yake.

Saa nne ilifika. Huko chini watu elfu kumi na moja wakaambiwa na mimi kwamba treni haisiti popote. Mvua ikaanza.

Nikawa nalia, si kwa woga wa juu. Nikageuza uso nisionekane na Kofia, nikatazama chini upande wa uzio wa nje, na pale, kati ya watu waliosimama kutushangaa, nikaona kitu cha njano.

Ulikuwa mwavuli wetu. Niliuacha kwa Mjomba mwezi wa tatu. Alikuwa ameuinua juu kabisa, mkono umenyooka, hajajikinga nao, mvua yote inamwangukia kichwani. Nilielewa palepale. Ameshabonyeza. Anapima.

Mkono wake wa kulia ni mbovu tangu ajali ya baiskeli, hata kufikia rafu ya juu kunamuuma. Nilimwona akibadilisha mikono, kulia, kushoto, kulia, lakini mwavuli haukushuka. Kila nilipotazama upo. Sina neno la kueleza jinsi ulivyonituliza, na jinsi ulivyonichoma.

Mafundi walipanda ngazi za pembeni wakatufungua mmoja mmoja. Tulishuka kwa miguu, tukishikilia chuma chenye maji. Mguu wangu ulipogusa ardhi nilitazama uzio. Mwavuli ukashuka.

Bi Karibu alikuwa na mablanketi. "Karibuni, poleni, karibuni. Tulisimama kidogo tu."

Kwenye simu kulikuwa na maoni mia sita. Mtu alikuwa amepiga picha yetu tukiwa tumekwama, akaibandika juu ya maneno yangu. Walicheka, walitukana, sawa. Niliyasoma kushuka hadi ya Mama Pacha. Alikuwa Bustani leo na mabinti. "Nilikuwa nasoma maneno yako huku nakuona uko juu," ameandika. "Naomba uniambie kitu kimoja. Tumepima maana yake nini?"

Nilikimbilia uzioni. Mjomba alikuwa ameshaondoka.

Jumapili, 14 Aprili

Jembe limekuja. Bi Karibu alipiga simu saa mbili asubuhi. Kampuni itasema treni ilisimama dakika kumi na tano kwa ukaguzi wa kawaida. Tuyaache maoni yetu yalivyo, kila mmoja aongeze mstari mmoja, dakika kumi na tano, tulihudumiwa vizuri. Kofia ameshaongeza. Na kwa usumbufu, kadi za mlango wa pembeni, mwaka mzima, kwa watu wanne.

"Hata mjomba wangu?" niliuliza. Niliuliza, sitajificha.

"Hata mjomba wako, dada. Karibu."

Nilibeba habari hiyo hadi kwake kama mtoto aliyebeba yai. Magoti yake yako mabaya siku hizi, nikasema moyoni, hatasimama tena kwenye mvua, hili ni jambo jema.

Nilimkuta ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Aliitikia shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nikiingilia mlango wa pembeni," akasema, "nitapima nini, mwanangu?"

Akanisukumia daftari lake la namba. Nimeliona mara elfu: tarehe, mtambo, dakika, ubao. Kuna safu ya mwisho ambayo sikuwahi kuisoma kwa makini, inaitwa Mwavuli. Miaka minane ya alama za vema zilizopangwa moja chini ya nyingine. Kisha 9 Machi: hayupo. 16 Machi: hayupo. 23: hayupo. 30: hayupo. 6 Aprili: hayupo.

"Ulikuwa unapimaje bila mimi?"

"Nabonyeza mkiani, napanga mwenyewe, nafika mbele, nabonyeza." Alisema hivyo bila lawama yoyote. "Nikifika nawaambia sipandi. Wananiona nimechanganyikiwa."

Dakika tisini na moja. Sabini na saba. Kwa magoti yale, na ile 91 nikaitupa kwa sababu nimechoka. Niliweka kichwa mezani nikalia kwa sauti, nina miaka thelathini na sita. Alingoja nimalize. Sitashangaa kama alipima.

"Jana?" nikauliza mwishoni.

"Hamsini na mbili na sekunde nane."

Nimerudi nyumbani nikaandika. Nilifuta lile chapisho, kisha nikaona kulifuta ni kujificha, nikalirudisha na mstari juu yake: Haya niliyaandika Ijumaa, kabla sijapanda. Chini nikaweka kila kitu, kadi, koti, keki, namba za ubao, zile namba tano za Mjomba nilizozificha au kuzichanganya, na kwamba tulikwama dakika hamsini na mbili, si kumi na tano. Nikaomba radhi kwa Mama Pacha peke yake, mbele ya wote. Neno la mwisho sikuliweka. Si langu kwa sasa.

Jumanne, 16 Aprili

Nimerudisha kadi na koti. Bi Karibu hakutoka, alimtuma mlinzi. Blanketi Mama amekataa kulitoa, anasema hilo tulilitolea jasho.

Alhamisi, 18 Aprili

Wasomaji elfu mbili wametuacha. Mama Pacha kimya.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilimpigia Mjomba simu saa kumi na mbili asubuhi. Akasema wiki hii magoti, pumzika na wewe. Siwezi kupumzika. Nimepanga viatu vya nyumba nzima. Nilikwenda benki sina shida ya benki, nikasimama kwenye mstari, nikapima. Dakika kumi na tisa.

Ijumaa, 26 Aprili

Saa tatu usiku, Mama Pacha, maneno mawili: "Kesho mnapima?"

Nilimsomea Mjomba kwa simu. Nikasikia mlango wa kabati la vyombo ukifunguliwa, pale alipoubandika ule ujumbe wa zamani.

"Mwavuli uko kwangu," akasema. "Pitia uuchukue."

Jumamosi, 27 Aprili

Manyunyu tu. Gurudumu Kubwa. Tulilipa kiingilio kama watu wote. Ubao: dakika 25.

Mjomba alikwenda mkiani na kiti chake cha kukunja, mimi mbele. Kabla hatujaachana aliniambia nimwangalie mtoto wa viatu vya bluu vya mvua, ndiye aliyemchagua. Nikamtafuta kwa macho, nikamwona kule nyuma kabisa. Wawili waliofanana, mmoja viatu vyekundu, mmoja vya bluu, na mama yao amewashika mikono. Wa bluu ndiye aliyekuwa akiegemea.

Sijawahi kuichukia foleni hivyo. Dakika ya ishirini na tano walikuwa hata nusu hawajafika. Dakika ya thelathini na tano yule mtoto alikuwa anabadilisha miguu, mmoja, mwingine. Niliushika mwavuli mpaka vidole vikafa ganzi. Ningeweza kumwita apite mbele, watu wangeelewa, lakini mama yake hakuja kutafuta mlango wa pembeni, alikuja kutafuta namba. Dakika ya thelathini na tisa nikamwona Mjomba akipenya kando ya kamba, anachechemea, amebeba kiti. Alikikunjua. Mtoto akaketi. Foleni ikisogea, mtoto anainuka, Mjomba anasogeza kiti, mtoto anaketi. Saa ilikuwa mkono wa kushoto muda wote.

Walinipita. Mama Pacha alinitazama usoni, mara ya kwanza tunaonana. Alisema, "Inua basi."

Nikainua.

Nimeandika hivi kwenye blogu: Gurudumu Kubwa, dakika 44. Ubao unasema 25. Njooni na kiti. Tumepima.

Mjomba aliandika namba zake akiwa amekaa kwenye ngazi, miguu ameinyoosha. Nilichungulia begani kwake kwenye safu ya mwisho. Hakuweka alama ya vema. Aliandika kwa herufi zake za ualimu: yupo, kachelewa sekunde mbili.